Mtoto Aliyenyimwa Taa

Ukitaka Noëlla akudanganye, muulize habari za hali yake. Una njaa? Nimekula. Unaumwa? Nimepona zamani. Pengine alizaliwa hivyo, pengine mtaa wao wa Kasulo ndio uliomfundisha, maana Kasulo mtu huchimba shimo la madini ndani ya chumba chake cha kulala, akaweka kitanda juu yake, na jirani akibisha hodi anakaribishwa akae hapo hapo kitandani kana kwamba chini hakuna kitu. Baba yake, mzee Gracien, alichimba namna hiyo miaka na miaka mpaka ukuta wa shimo ukamwangukia mguu. Mguu haukukatwa, lakini haukurudi kuwa mguu tena. Basi Noëlla, akiwa bado msichana, akaingia mtoni pamoja na wamama wengine kuosha mawe ya madini, maji mpaka kiunoni na chekeche mkononi, na ndiye aliyelisha nyumba ile.

Huko huko mtoni ndiko alikoonekana na Akram, dereva wa lori aliyekuwa akibeba mifuko ya madini kutoka upande wa Mutoshi. Akram ni mtoto wa Waislamu waliotoka Kasongo, watu wa kuuza vitambaa sokoni, watu wa nguo kavu na maneno mepesi. Aliposema amepata mke, shangazi mmoja aliuliza kama wasichana wenye miguu mikavu wamekwisha mjini. Mama yake Akram hakusema lolote. Watu humwita Mama Alimasi, kwa jina la mwanawe mkubwa, na ni mwanamke ambaye ukimya wake hauna mlango; hujui kama ndani kuna hasira au kuna usingizi. Noëlla alimwogopa tangu siku ya kwanza kwa sababu hiyo hiyo. Mtu anayekutukana unajua amesimama wapi.

Akram aliweka sharti moja tu: mke wake hatarudi kuosha mawe ya watu. Noëlla akakubali mbele za wazee, na moyoni pia akakubali. Tatizo ni kwamba mzee Gracien naye alikuwa na tumbo, na Noëlla angekufa kabla ya kumwomba mume unga wa baba yake. Ndiyo kiburi cha maskini hicho, hakuna kiburi kigumu kama hicho. Akawa anaaga kwamba anakwenda Kasulo kumpikia mzee. Alikwenda kweli, na alipika kweli. Lakini sufuria ikishuka motoni, alifunga kitenge chakavu na kuteremka mtoni. Mimba ikaingia, akaendelea. Aliacha siku tumbo lilipomkataza kuinama, na hapo akamshukuru Mungu kwamba mambo yamekwisha bila mtu kujua.

Mtoto alizaliwa hospitalini, wa kiume, mwenye sauti. Akram alimwadhinia sikioni na akatoka nje kupiga simu kwa ukoo mzima. Muuguzi aliyewapokea, mama mmoja mnene anayeitwa Mujinga, alikuwa amemuuliza Noëlla kama kazi wakati wa mimba ilikuwa nzito, naye akajibu kwamba alikuwa nyumbani tu, akipika. Uongo huo ulitoka laini kama salamu.

Kisha mtoto akaanza kuwa wa manjano, macho kwanza, halafu uso, halafu tumbo. Daktari Tshiamala aliagiza awekwe chini ya taa ya bluu, uchi, amebaki na nepi na kitambaa cha kumfunika macho tu. Mujinga akaeleza kwa subira kwamba mwanga ule ndio dawa yenyewe, unaivunja manjano ndani ya ngozi, na kwamba kila sehemu ya ngozi inayofichwa ni dawa inayomwagika chini. Noëlla aliyasikia yote hayo. Naomba mlikumbuke hilo, kwa sababu yeye mwenyewe hajaweza kulisahau.

Siku chache chini ya taa, rangi ikageuka. Si nyeusi ya kwao wala manjano ya ugonjwa. Ilikuwa kahawia yenye kijivu, imetanda mwili mzima, tumboni na mgongoni na hata kwenye nyayo. Mwanamke mwingine angeshangaa tu. Noëlla aliijua rangi ile. Ilikuwa ni ile ile ya tope linalobaki kwenye chekeche mawe yakishaoshwa, tope lililoingia kwenye nyufa za vidole vyake miaka yote. Alisema moyoni: yametoka. Maji niliyosimama ndani yake na mimba yamepita tumboni, na sasa yametoka kwenye ngozi ya mtoto ili watu wote wasome.

Mujinga naye aliiona rangi ile, akamwita daktari. Wakazungumza kwa Kifaransa cha haraka juu ya ini na nyongo isiyoshuka vizuri, kisha Mujinga akamgeukia mama.

"Usiogope, mama. Hii rangi ni ya lampe, hii taa ya bluu. Itatoka yenyewe."

Maneno mepesi kabisa, na ya kweli. Lakini aibu ina namna yake ya kusikia: Noëlla alifikiri mama wa watu anamfariji tu, kama wauguzi wanavyomwambia kila mgonjwa kwamba atapona. Na kuuliza zaidi hakuthubutu, kwa sababu swali moja huzaa lingine, na lile la pili lingekuwa: mama, hasa ulikuwa unafanya kazi gani?

Sasa, mama mkwe aliyeletewa mjukuu hakai nyumbani kwake. Mama Alimasi alifika kila asubuhi na chupa ya uji, akakaa kwenye kiti pembeni ya kitanda cha mtoto, tasbihi mkononi, mpaka jioni. Asubuhi ile baada ya rangi kugeuka, Noëlla alisikia sauti yake koridoni akiwasalimu watu. Mkono wake ukafanya kazi kabla ya akili. Alivuta kitenge begani, akamfunika mtoto kutoka utosini mpaka miguuni, akimwachia pua tu, chini ya taa inayowaka, na mama mkwe alipoingia akamwambia kwamba amemkinga na jicho baya. Mtoto ambaye hajamaliza arobaini, akasema, si wa kuangaliwa na kila mtu, na wodi hii ina watu wengi wasiojulikana. Na wauguzi hawaamini mambo hayo, watatugombeza wakiona.

Mama Alimasi alimtazama kidogo. Kisha akaitika kwa kichwa, akakaa, akaanza kuhesabu tasbihi yake.

Uongo ule ulikuwa mzuri mno, na huo ndio ubaya wake. Mama mkwe aliuamini kuliko aliyeutunga. Noëlla akienda kujisaidia au kufua nepi, Mama Alimasi ndiye aliyebaki akishikilia pindo la kitenge lisimfunike mtoto pua. Viatu vya Mujinga vikisikika koridoni, ndiye aliyekohoa kidogo, na Noëlla akakivuta kitenge chapuchapu na kukikalia, na mama mkwe akageuza uso upande wa dirisha, kwa heshima, ili asimtazame mtoto aliyefunuliwa. Muuguzi alikuta mtoto uchi chini ya taa, akaridhika, akaenda kwa watoto wengine, maana alikuwa peke yake na wodi ilikuwa imejaa. Usiku mtoto alipata mwanga wake. Mchana alipata kitenge.

Siku ya saba ilifika, siku ya kumpa mtoto jina na kunyoa nywele za uzazi. Nyumbani mbuzi alichinjwa, jina likatajwa: Sefu. Mama Alimasi alikuja hospitalini na wembe mpya ndani ya leso safi, akasema angalau anyoe shungi moja, ili sunna isipite. Noëlla akamkatalia, maana kunyoa kungeifunua ngozi ile. Alisema mtoto ana joto, alisema daktari hataki, alisema kesho. Mama mkwe akaukunja wembe ndani ya leso, na mikono yake, Noëlla aliona, ilikuwa inatetemeka. Alidhani ni hasira.

Wakati huo damu ya mtoto ilikuwa inapimwa, na manjano, badala ya kushuka, ilikuwa inapanda. Daktari Tshiamala hakuelewa. Alipima tena. Aliuliza kama umeme ulikatika mchana na jenereta ikachelewa. Mujinga akasema hapana. Akaagiza taa ibadilishwe, wakaleta nyingine. Manjano ikapanda tena, na daktari, ambaye alikuwa mtu mpole lakini si malaika, akamgombeza Mujinga mbele ya wazazi wote wa wodi. Alisema bila shaka taa zinazimwa yeye asipokuwepo, ili mtu achaji simu yake kwenye soketi. Mujinga alisimama mikono nyuma kama mtoto wa shule, mwanamke wa umri ule, machozi yakimlengalenga.

Noëlla alikuwa amekaa hapo hapo, amekalia kitenge. Alikisikia chini yake. Alifungua mdomo, akaufunga, akatazama sakafu, na daktari akapita. Wamama wengine wa wodi wakamwambia pole, eti bahati mbaya kumpata muuguzi mzembe. Naye akaitika. Sina namna ya kumtetea hapo, na wala yeye hajitetei.

Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakusema kwamba kifo mara nyingine humkosa mfichaji na kumwendea mwingine. Siku iliyofuata Sefu hakunyonya. Alishika ziwa, akaliachia. Mwili ulilegea mikononi, na alipolia, ule mlio haukuwa wa kuzaliwa kwake. Ulikuwa mwembamba na wa juu, na alipokuwa akilia shingo ilijikunja kwenda nyuma. Daktari alikuja mbio. Akasema manjano ikifika ubongoni haitoki tena, kwa hiyo damu yote ya mtoto itatolewa na kuwekwa nyingine. Akram na kaka yake Alimasi wakaitwa kutoa damu, nao wakapelekwa maabara. Daktari hakuficha kwamba watoto wengine hawavumilii kazi hiyo. Halafu akamgeukia Mujinga, akasema kwa sauti ya chini, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwamba kuanzia kesho asikanyage wodi ya watoto.

Noëlla alisimama. Kitenge kikabaki kwenye kiti, watu wote wakikiona.

"Dokta, usimugombeze mama Mujinga," akasema. "Lampe ilikuwa inawaka siku yote. Ni mi njo nilikuwa nafunika mutoto."

Daktari aliuliza kama anaelewa anachosema. Akasema anaelewa. Alisema kila kitu, amesimama, mbele ya mama mkwe na wamama wa wodi: kitenge, asubuhi mpaka magharibi, viatu vya muuguzi koridoni. Daktari akauliza sababu. Hapo ilimbidi aanze mara mbili.

"Niliosha mabwe mu mayi na mimba yake. Nilimudanganya bwana yangu. Rangi ya mutoto ilipogeuka nilisema ile bulongo njo inatoka mu mwili yake. Sikupenda mama aone."

Taa ilinguruma. Daktari Tshiamala alivua miwani akaifuta, akamwambia polepole kwamba hawezi kusema maji yale ni mazuri kwa mwenye mimba, asije akadhani hivyo. Lakini rangi hii si tope la mtu. Nyongo ya mtoto haishuki vizuri, na mtoto wa namna hiyo akiwekwa chini ya taa, ngozi hugeuka hivyo. Taa ikiisha kazi, rangi huondoka kidogo kidogo, bila kumdhuru. Kilichomdhuru ni kitenge. Hakusema kwa ukali. Noëlla angependa aseme kwa ukali.

Kisha wakafanya kazi. Mujinga, machozi bado usoni, alimvua mtoto hata nepi, akaweka taa ya pili ubavuni, na daktari akasema watampa mwanga saa zile damu inapotayarishwa, halafu watapima. Mama Alimasi alikuwa bado kwenye kiti chake. Kwa mara ya kwanza aliinuka na kumwangalia mjukuu wake wazi, kutoka utosini mpaka kwenye nyayo, rangi ile yote. Alimwangalia kwa muda mrefu.

"Kumbe ni hii tu," akasema.

Noëlla akapiga magoti, akataka kumshika miguu. Mama mkwe alimzuia kwa kiganja.

"Mi nilizika batoto, Noëlla, mbele ya kuzaa Alimasi. Kule kwetu balisema niko na jicho mubaya, njo inakula batoto. Uliponifungia uso ya mujukuu nilisema: naye balimwambia. Nikaogopa kukuuliza. Nikashika kitenge ili uone sipendi kumuangalia." Akaitazama mikono yake. "Hii mikono njo ilimunyima lampe."

Ingekuwa heri angempiga. Noëlla alibaki amepiga magoti kwenye saruji, na alielewa kwamba kwa kuificha aibu yake alikuwa amemrudishia mwanamke huyu aibu aliyoikimbia kutoka Kasongo. Aliomba msamaha kwa muuguzi pia, jioni ile, akimfuata mpaka mlangoni. Mujinga hakumfariji. Alimwambia msamaha huo akae nao kwanza, kuna mtoto wa kumwomba kabla yake, na akaenda kubadilisha dripu ya mtoto mwingine.

Manjano ilishuka. Haikushuka kwa haraka, lakini ilishuka kiasi kwamba damu haikubadilishwa, na baada ya siku kadhaa mtoto alishika ziwa akalivuta kwa nguvu mpaka mama yake akauma meno. Akram aliposikia habari yote hakumtukana mkewe. Aliondoka na lori, na Noëlla akajua baadaye kutoka kwa baba yake kwamba alikwenda Kasulo peke yake na mfuko wa unga begani, akaketi na mzee Gracien, akamuuliza kwa nini yeye hakuambiwa. Tangu siku hiyo unga huenda Kasulo kila mwezi, na kila unapokwenda Noëlla hutafuta kazi ya kufanya uani, asiuone ukitoka.

Siku ya kuwaruhusu kurudi nyumbani, daktari Tshiamala aliwaita. Mtoto anaonekana mzima, akasema, na rangi msiijali. Ila manjano ya juu namna ile ina kawaida ya kugusa masikio kabla ya kitu kingine, na kwa umri huu haiwezekani kujua kwa hakika. Mumwangalie mnapomwita. Kama hageuki, mumlete.

Rangi iliondoka kweli. Ilififia wiki baada ya wiki, nyayo zikawa za mwisho, na wageni waliokuja kumwona walikuta mtoto mweusi mzuri kama baba yake, wakauliza ile rangi waliyosimuliwa iko wapi. Mama Alimasi alimfunua mwenyewe kila mgeni alipokuja, kifua na mgongo, hata wasiotaka kuona wakaonyeshwa.

Lakini masikio hakuna aliyeyataja. Noëlla na mama mkwe walikula pamoja, walimwogesha pamoja, na neno hilo halikupita kati yao. Noëlla, akibaki peke yake, husimama nyuma ya mtoto na kugonga ulimi. Mara nyingine Sefu hugeuka. Mara nyingine haonekani kusikia, amezama kwenye vidole vyake vya miguu, na mama yake hukaa siku nzima na jiwe kifuani, halafu hajaribu tena kwa siku nyingi, kwa kuogopa jibu. Akram akiuliza mtoto vipi, anasema mzima. Alikuwa anadanganya tena, na alijua, na hakujua aache vipi.

Alasiri moja alitoka uani na beseni la nguo alizoanua, akafika mlangoni, akasita. Sefu, sasa mtoto wa kukaa mwenyewe, alikuwa kwenye mkeka, mgongo kwa mlango. Nyuma yake Mama Alimasi alikuwa amechuchumaa, ameshika vifuniko viwili vya sufuria, kimoja kila mkono. Alikuwa amevishika tu. Hakuvigonga. Mikono ilikuwa inamtetemeka kama siku ile ya wembe, na midomo ilikuwa ikisogea, anasoma dua, na bado hakuvigonga.

Aliinua macho, akamwona mkwe wake mlangoni. Kumbe na yeye alikuwa akiyapima masikio ya mtoto kwa siri. Miezi yote hii, kila mmoja na kona yake.

Mama Alimasi aliweka vifuniko chini, polepole, visilie.

"Kuya, mwanangu," akasema. "Tumwite sisi bote."

Noëlla aliweka beseni chini, akaja akachuchumaa kando yake, bega kwa bega. Mama mkwe akamshika mkono, na wakamwita, si kwa nguvu, kama unavyomwita mtoto aje ale:

"Sefu."

Mtoto aliachia kidole cha mguu. Akageuza kichwa, taratibu, mate kidevuni, akawatazama wote wawili, akacheka. Wao, waliomnyima taa, ndio walioinamisha macho.